Je, Wajua? Masafa Yaliyolala Hewani Kanda ya Kati

Wiki hii safu yetu inapanda juu ya vilima vya Dodoma kutazama kitu kisichoonekana kwa macho: masafa ya redio. Yana wenyewe, yana mipaka, yana leseni, na sehemu kubwa ya siku mengi hayana kazi. Je, jirani anaweza kuyatumia bila ugomvi?

WENYEJI NA WAGENI

Je, wajua kwamba sheria ya dunia ya masafa humtofautisha mwenyeji na mgeni kwa ukubwa wa herufi? Katika Kanuni za Redio za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, huduma ya daraja la kwanza huchapishwa kwa herufi kubwa tupu. Ya daraja la pili huchapishwa kwa herufi za kawaida.

Masharti ya mgeni ni mawili. Asimsumbue mwenyeji. Na mwenyeji akimsumbua yeye, asilalamike.

Je, wajua kwamba hata hivyo mgeni ana haki? Akija mgeni mwingine wa daraja lake baada yake, yule wa kwanza anaweza kudai alindwe dhidi ya huyo aliyemfuata.

Huenda hata wewe umewahi kuwa mgeni wa namna hiyo. Maiki nyingi zisizo na waya, zile za mshereheshaji wa harusi na za mhubiri wa mkutano wa hadhara, hufanya kazi ndani ya masafa ya UHF, yale yale ya televisheni. Katika nchi nyingi maiki hizo huruhusiwa kwa sharti la kukaa kwenye chaneli ambayo kituo cha televisheni cha eneo hilo hakiitumii.

Kwa Tanzania, anayegawa na kulinda masafa ni Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 kwa kuunganisha tume mbili: ya mawasiliano na ya utangazaji. Mwenye mnara wa simu na mwenye kituo cha televisheni wote sasa hubisha hodi mlango mmoja.

CHANELI 28

Je, wajua kwamba masafa ya televisheni ya UHF katika ukanda wetu yanaanzia megahezi 470 na kuishia 694? Hizo ni megahezi 224. Kila chaneli huchukua megahezi 8. Gawanya: unapata chaneli 28, kuanzia namba 21 hadi namba 48.

Je, wajua kwamba Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994 tu, wakati Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970? Miji ya bara haikuwahi kuwa na msongamano wa vituo kama ule wa Ulaya au Marekani. Nafasi nyingi hewani hazikuwahi kuguswa na mtu.

Kisha zikaongezeka. Usiku wa Desemba 31, 2012, Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia, na mwanzoni mwa 2013 ikafuata zamu ya Dodoma na miji mingine. Tarehe ya mwisho iliyokubaliwa Geneva mwaka 2006 kwa nchi za ukanda wetu ilikuwa Juni 17, 2015. Tanzania ilianza miaka miwili na nusu mapema.

Kwa nini king'amuzi kilifungua nafasi? Analojia ilikula chaneli nzima kwa kituo kimoja. Dijitali hupakia vituo kumi na zaidi kwenye chaneli moja hiyo hiyo. Ndiyo maana vituo kwenye rimoti yako vimeongezeka huku chaneli zinazotumika hewani zikipungua.

Sehemu ya juu, kuanzia megahezi 694 hadi 790, haikuachwa ilale. Ilihamishiwa kwenye simu, na mwaka 2018 TCRA ikanadi masafa ya megahezi 700 kwa kampuni za mawasiliano.

Je, wajua kwamba barani Afrika chaneli namba 38 ni ya nyota pia? Kanuni za ITU zimewapa wanaastronomia wa redio wa ukanda wa utangazaji wa Afrika masafa ya megahezi 606 hadi 614 kwa daraja la kwanza. Wao hawarushi chochote. Wanasikiliza tu, na wanataka ukimya.

KWA NINI MASAFA HAYA YANAIFAA KANDA YA KATI

Wimbi la megahezi 600 lina urefu wa nusu mita. Wimbi la Wi-Fi ya kawaida ya nyumbani lina sentimita 12.5. Kwa antena rahisi zisizoelekezwa popote, na umbali ule ule usio na vizuizi, wimbi refu hufikisha nguvu mara 16 zaidi.

Wimbi refu pia hupenya majani na vichaka kwa hasara ndogo zaidi. Anayejua kichaka cha Itigi, kule Manyoni, kilivyoshonana ataelewa faida hiyo bila kuelezwa.

Je, wajua jinsi ya kukadiria upeo wa mnara? Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12. Antena yenye kimo cha mita 50 juu ya tambarare huona hadi kilomita 29. Ipandishe juu ya kilima ifike mita 200: kilomita 58. Ongeza antena ya paa yenye mita 9 upande wa mpokeaji, na umbali unakaribia kilomita 70. Vilima vya mawe vinavyochomoza katikati ya uwanda wa Ugogo ni minara ambayo hakuna aliyegharamia kuijenga.

Vilima hivyo hivyo, hata hivyo, ndivyo vinavyoleta matatizo. Tutayafikia.

REDIO INAYOSIKILIZA KABLA YA KUSEMA

Jina la Joseph Mitola huenda hulijui. Huyu ni mhandisi wa Marekani ambaye mwaka 1999, pamoja na Gerald Maguire wa Stockholm, aliandika kuhusu redio inayojitambua: inajua iko wapi, inasikia nani anatumia masafa, na inajirekebisha yenyewe.

Mwaka 2011 wazo hilo lilipata kiwango rasmi cha kiufundi, IEEE 802.22, kilichoandikwa kwa ajili ya intaneti ya vijijini kupitia chaneli tupu za televisheni. Katika mazingira mazuri, waandishi wake walilenga hadi kilomita 100 kutoka mnara mmoja.

Je, wajua kifaa cha kiwango hicho kinatakiwa kusikia mlio mdogo kiasi gani? Chukua wati moja, igawanye mafungu trilioni 400. Fungu moja kati ya hayo, likiwa ni ishara ya televisheni ya dijitali, kifaa kinapaswa kulitambua.

Na mwenyeji akirudi? Mgeni ana sekunde 2 za kugundua na sekunde nyingine 2 za kuondoka.

Sasa vile vilima. Kifaa kilichokaa nyuma ya mwamba hakiusikii mnara wa televisheni. Kinadhani chaneli ni tupu, kinaanza kurusha. Upande wa pili wa mwamba kuna familia inayotazama taarifa ya habari kwenye chaneli hiyo, na picha inaganda. Kifaa hakikuvunja sheria kwa makusudi. Kilikuwa kiziwi mahali kilipo.

Dawa yake ni kusikiliza kwa pamoja. Tuseme kila kifaa kina nusu kwa nusu ya kumgundua mwenyeji. Kikiwa peke yake, kinakosea mara moja kati ya mbili. Weka vifaa 10 mahali tofauti, na kanuni iwe "akisikia mmoja, wote wanyamaze". Uwezekano wa wote kukosa unashuka hadi 1 kati ya 1,024.

Usishangilie bado. Kama kila kifaa hupiga kelele ya uongo mara 1 kati ya 10, basi kwa kanuni hiyo hiyo kundi la vifaa 10 litanyamaza bila sababu asilimia 65 ya wakati. Mwenyeji yuko salama kabisa, ila mgeni hapati kitu. Ndiyo maana mifumo mingi hupiga kura: wakisikia watatu au wanne, ndipo kundi linahama.

Na vifaa 10 vilivyobanana nyuma ya mwamba mmoja ni sawa na kifaa kimoja. Vyote ni viziwi kwa sababu ile ile. Katika kura ya masafa, umbali kati ya wapiga kura una uzito kuliko idadi yao.

DAFTARI BADALA YA SIKIO

Mwaka 2010 Marekani iliamua kwamba kifaa chenye uwezo wa kujua kilipo na kuuliza daftari hakilazimiki kusikiliza. Kifaa hutuma mahali kilipo, daftari la kielektroniki hujibu: hapa chaneli hizi ni tupu, nguvu yako isizidi kiasi hiki.

Kifaa kinachotafuta intaneti kitaulizaje daftari lililoko kwenye intaneti? Hakiulizi. Mnara wa kituo kikuu, ambao tayari una njia yake ya intaneti, ndio unaouliza kwa niaba ya wote na kuvipa vifaa ruhusa.

Nguvu yenyewe ni ndogo. Kwa kanuni za awali za Marekani, kifaa cha kusimikwa kiliruhusiwa wati 4 pamoja na msaada wa antena yake, na kile cha kubebeka wati 0.1. Mitambo ya televisheni hurusha kwa maelfu ya wati.

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Hapa ndipo hadithi inaponoga. Yote tuliyosema hadi sasa ni adabu: mgeni asikanyage. Lakini adabu peke yake haimpi mwenyeji sababu ya kufungua mlango.

Mkulima wa mtama wa Bahi au Chamwino anaijua njia nyingine. Mavuno yakishatoka shambani, ng'ombe wa jirani huingia kula mabua. Ng'ombe wanashiba, na shamba linabaki na samadi. Mwenye shamba hakuvumilia tu, alipata. Watafiti wa masafa walifika mahali hapo hapo kwa hesabu.

Mwaka 2008 Osvaldo Simeone na wenzake walichapisha mpango wa kukodisha masafa ambao malipo yake ni kazi, bila fedha. Mwenyeji ana mpokeaji aliye mbali, anayesikia kwa shida. Mgeni yuko katikati. Mgeni anapokea ujumbe wa mwenyeji, anaurusha upya hadi unafika, kisha anapewa muda wa kurusha ya kwake.

Je, wajua kwamba mwenyeji anaweza kutoa muda na bado akapata ziada? Tuseme ana megabiti 10 za kutuma, na njia yake ya moja kwa moja inapitisha megabiti 1 kwa sekunde. Anahitaji sekunde 10. Akipitia kwa mgeni, kila kipande cha njia kinapitisha megabiti 4 kwa sekunde: sekunde 2.5 kufika kwa mgeni, 2.5 nyingine kufika mwisho. Jumla 5. Zimebaki sekunde 5. Hata akimpa mgeni 3, yeye amemaliza kazi mapema.

Nguvu ya umeme nayo hupungua. Katika ardhi yenye vizuizi, nguvu ya ishara inaweza kupotea kwa kipeo cha nne cha umbali. Kata safari katikati, na kila nusu inahitaji sehemu 1 kati ya 16 ya nguvu ya awali. Nusu mbili zinafanya 1 kati ya 8. Kwa mnara unaotegemea jenereta au sola, hiyo ni hesabu ya mafuta na betri.

Nani anaamua bei? Katika mpango wa Simeone mwenyeji husema kwanza: nitatoa muda kiasi hiki. Wageni hujibu kwa kuchagua nguvu watakayotumia kumsaidia. Mwenyeji, akijua watakavyojibu, huchagua kiasi kinachomfaa zaidi. Akiwa bahili mno, wageni watamsaidia kwa ulegevu, na hasara ni yake.

Je, wajua kuhusu karatasi chafu? Mwaka 1983 Max Costa, mtaalamu kutoka Brazil, alithibitisha jambo linaloonekana haliwezekani: ikiwa mrushaji anaujua mapema muingiliano utakaoikuta ishara yake, anaweza kuupanga ujumbe wake kiasi kwamba muingiliano huo haumpunguzii kitu. Makala yake iliitwa Kuandika Juu ya Karatasi Chafu. Leo ni msingi wa mipango ambamo mwenyeji humwonyesha mgeni ujumbe wake kabla, na wote wawili wanarusha kwa wakati mmoja.

Je, wajua mgeni angeweza kumpa mwenye televisheni nini, kule ambako televisheni haihitaji kupitishiwa ujumbe? Ramani. Vifaa vinavyosikiliza chaneli usiku na mchana vinajua ishara ya televisheni inafika vijiji gani na inakatika wapi. Kwa mrushaji wa matangazo anayetaka kujua kwa nini wateja wa upande fulani wa Mpwapwa hawalipii ving'amuzi, taarifa hiyo ina thamani, na mgeni huizalisha kila siku kama sehemu ya kazi yake ya kawaida.

WALIOJARIBU

Je, wajua kwamba Mei 2013 Tanzania ilitangaziwa jaribio la intaneti kwa masafa matupu ya televisheni? Walioshirikiana ni Microsoft, Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na kampuni ya UhuruOne. Walengwa walikuwa wanafunzi na wahadhiri wa vyuo vya Dar es Salaam.

Mwaka huo huo Nanyuki, Kenya, mradi wa Mawingu ulipeleka intaneti ya namna hiyo kwenye shule na zahanati za Laikipia, kwa umeme wa jua.

Mwaka huo huo tena, Zomba, Malawi, mtandao kama huo uliwekwa kwa ushirikiano wa Chancellor College, mamlaka ya mawasiliano ya huko na kituo cha fizikia cha Trieste, Italia. Miongoni mwa waliounganishwa ni shule ya sekondari ya wasichana.

Cape Town nayo mwaka 2013 iliunganisha shule 10. Kazi kubwa ya jaribio hilo ilikuwa kuwahakikishia wenye televisheni kwamba hakuna picha iliyoharibika.

Na Kanda ya Kati? Kondoa. Mwishoni mwa miaka ya 2010 ulianzishwa mtandao wa jamii wa Kondoa, kilomita 150 na ushee kaskazini mwa jiji la Dodoma, kwa kutumia masafa matupu ya televisheni. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kilikuwa mshirika, na shirika la Internet Society lilitoa ufadhili. Dkt. Jabhera Matogoro, mhadhiri wa UDOM, ndiye aliyeusimamia kwa karibu. Wilaya ambayo dunia inaijua kwa michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, ikawa pia mahali pa kujaribia mawasiliano mapya.

Je, wajua tofauti ya mtandao wa jamii na kampuni ya simu? Wenye mtandao ni watumiaji wenyewe. Kampuni huweka mnara pale ambapo wateja wanatosha kurudisha gharama. Pasipotosha, Serikali huingia kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006. Mei 2023 mikataba ya minara 758 ya vijijini ilitiwa saini Dodoma. Mtandao wa jamii unajaribu kuziba mapengo yanayobaki baada ya hapo.

HARAKA HARAKA

Je, wajua kwamba ruta ya Wi-Fi ya gigahezi 5 huenda ni mgeni mwenye adabu bila wewe kujua? Kwenye baadhi ya chaneli zake wenyeji ni rada. Ruta husikiliza sekunde 60 kabla ya kuanza. Ikisikia rada, ina sekunde 10 za kuondoka, na isirudi kwa dakika 30. Kwa kanuni za Ulaya, kwenye chaneli za rada za hali ya hewa husikiliza dakika 10 nzima. Ukiona Wi-Fi ya ofisini imechelewa kuwaka, labda inabisha hodi.

Je, wajua kwamba Marekani wanajeshi wa majini hushirikiana masafa na wafanyabiashara? Kati ya megahezi 3550 na 3700 kuna madaraja matatu: rada za manowari juu, walionunua leseni katikati, wananchi wa kawaida chini. Mnada wa leseni hizo za katikati mwaka 2020 ulivuna zaidi ya dola bilioni 4.5, ingawa kila mnunuzi alijua kwamba manowari ikitokea pwani atalazimika kuipisha.

JARIBU MWENYEWE

Unatumia king'amuzi cha antena ya kawaida, si cha dishi? Fungua menyu, tafuta sehemu inayoonyesha nguvu ya ishara. Utaona masafa kwa megahezi. Toa 474, gawanya kwa 8, ongeza 21: hiyo ndiyo namba ya chaneli yako. Mfano, 522 inakupa chaneli ya 27. Fanya hivyo kwa kila masafa ambayo king'amuzi kinayapata, na kama jirani ana king'amuzi cha kampuni nyingine, azima rimoti yake pia. Kisha toa idadi hiyo kutoka 28, na utoe moja zaidi kwa ajili ya wale wanaosikiliza nyota. Namba inayobaki ni makadirio ya chaneli ambazo king'amuzi hakizisikii hapo ulipo. Si lazima zote ziwe huru, maana tumeona sikio moja linavyodanganywa na mwamba. Muulize jamaa yako wa Mpwapwa, wa Manyoni na wa Kondoa wafanye hesabu ile ile, mlinganishe, na hapo mtakuwa mmeanza kusikiliza kwa pamoja.